Tangaza pochi, ficha alama yake

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaookota vitu kwenye daladala na vituo vya mwendokasi. Nia yao njema, ila wanapiga picha ya pochi, wanairusha kwenye makundi ya WhatsApp na kutaja kila kitu: rangi, kadi ya benki gani, hata kiasi cha fedha kilichomo. Hapo tapeli anajibu maswali yote vizuri kuliko mwenye mali!

Sheria ya Kiyahudi iliiona hatari hii zamani. Msingi wake ni Kumbukumbu la Torati 22:1-3: usijifanye hukuona, na kama mwenyewe humjui, kaa nacho mpaka akitafute. Walimu wa Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, waliyasoma maneno hayo ya mwisho kuwa amri ya kumchunguza anayedai, asije akawa mlaghai. Ndiyo maana mwokotaji hutangaza aina tu: "Nimeokota pochi." Alama, kama mshono uliofumuka au idadi ya vilivyomo, huzitaja anayedai. Anayejulikana kwa utapeli hapewi hata akizitaja, mpaka alete mashahidi.

Kwenye fedha wako makini sana. Sarafu zilizotawanyika njiani ni za aliyeziokota, kwani hazina alama na mwenyewe huhesabiwa kuwa amekwisha kata tamaa. Lakini sarafu tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine, au fedha iliyo ndani ya mfuko, lazima zitangazwe. Kwa kipimo hicho, noti ya elfu kumi inayopeperuka Kariakoo si sawa na noti hiyohiyo ndani ya bahasha. Na si kila kisicho na mtu kimepotea: njiwa waliofungwa mabawa nyuma ya uzio wasiguswe, huenda mwenyewe kawaweka hapo.

Kukaa na kitu ni kukitunza. Nguo hukung'utwa mara moja kila siku 30. Mnyama anayekula bila kufanya kazi huuzwa, fedha ikawekwa. Mimi naona simu iliyookotwa nayo ichajiwe, isizimwe, ili mwenyewe akipiga ipokelewe.

Nawaomba wasimamizi wa vituo waweke ubao na daftari. Ubaoni iandikwe "pochi", "simu" au "funguo", basi. Alama, saa na namba ya gari zibaki daftarini, na daftari lisionyeshwe kwa anayedai kabla hajaeleza kitu chake.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam