Barua kwa mwanangu: kabla hujaposti picha ya mtu

Uyole, Mbeya

Mwanangu Atupele,

Ukurasa wako wa vitenge unapendeza, ila yale maneno "picha kwa hisani ya mtandao" yafute leo, na picha ulizoziwekea maneno hayo uzitoe. Mtandao haupigi picha. Aliyepiga yupo, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda tangu alipobofya, awe amesajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au hajasajili. Kumtaja jina ni adabu tu, ruhusa bado hujapewa.

Hiyo "fair use" mnayoisikia YouTube, yaani kutumia kazi ya mtu kwa haki bila ruhusa yake, ni ya Marekani, kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976. Hata huko mahakama hupima mambo manne: umeitumia kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani, na umemharibia mwenyewe soko kiasi gani. Sheria yetu inaruhusu mambo kama kunukuu, kufundishia na kuripoti habari, chanzo kikitajwa. Tangazo la vitenge halimo humo.

Sasa sura za watu. Mpiga picha wa harusi kule Tukuyu anaweza kukuuzia picha, lakini sura ya bibi harusi si yake kuuza. Kwa hiyo omba mara mbili: kwa mpiga picha na kwa mwenye sura. Mteja akikubali kupigwa pale Mwanjelwa, mwonyeshe picha, kisha mtumie ujumbe: "Unaruhusu picha hii ya leo niiweke kwenye ukurasa wangu wa Instagram kutangaza vitenge?" Taja ukurasa, kazi na tarehe. Akijibu "ndiyo", utunze ujumbe huo. Aliyekubali status ya WhatsApp hajakubali bango la barabarani. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mtoto hajiruhusu mwenyewe. Pata saini ya mzazi, na sare yenye jina la shule usiionyeshe kabisa.

Kwenye mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi eneo. WhatsApp ikituma picha kama picha, taarifa za mahali huondoka. Ukiituma kama dokumenti zinakwenda nayo, na nyumba ya mtu inajulikana. Ukificha sura au namba ya bodaboda, weka kibandiko cheusi kizima. Ukungu mwepesi bado unaacha mtu atambulike.

Mtu akitaka picha yake itoke, itoe siku hiyohiyo, pamoja na kwenye magrupu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Tume yake inapokea malalamiko.

Wakiiba ya kwako, usianze kwa kugombana kwenye komenti, maana aliyeiba ataifuta na ushahidi utapotea. Piga skrinishoti inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, nakili kiungo, na utunze faili la awali la simuni. Lililopakuliwa Instagram limebanwa na halina saa ya kupigwa. Ndipo umwandikie. Akikaidi, jaza fomu ya hakimiliki ya mtandao husika, kisha uende COSOTA.

Mama yako