Meza ya fishi iko karibu mno na benchi

Bwana Mhariri,

Nina miaka 17, nasoma sekondari hapa Lubumbashi na ninakaa Katuba. Mwezi wa tatu nilitoka darasani nimejikunja kwa maumivu ya hedhi, nikapitia kituo cha afya na shati langu jeupe na sketi ya bluu. Meza ya kuandikisha fishi, yaani kadi ya mgonjwa, iko hatua mbili kutoka benchi la wagonjwa. Muuguzi hakuinua macho: “Tumbo? Hedhi ya mwisho ulipata lini? Ao uko na mimba?” Benchi zima likanyamaza. Alikuwapo mama anayeuza unga kwenye kona yetu. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imenitangulia. (Mama wa unga, kama unasoma gazeti: mimba hiyo bado tunaisubiri.)

Swali lenyewe si baya, muuguzi lazima aulize. Lakini si kwa sauti ile, wala mahali pale.

Wakubwa wakitukumbuka, hutuletea semina, soda na tisheti. Sisi tunataka mlango unaofungwa. Mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, OMS, pamoja na ONUSIDA, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na UKIMWI, walitoa vigezo 8 vya huduma kwa vijana wa miaka 10 hadi 19. Humo mna faragha, mna saa za kazi zinazowafaa vijana, mna hata kuwashirikisha vijana wenyewe. Sisi tukitoka shule, foleni ya asubuhi imeisha na daktari ameondoka. Na kushirikishwa? Sijamwona mwenzangu hata mmoja aliyeulizwa lolote.

Wavulana ndio hawafiki kabisa. Kwao kituo ni cha akina mama na watoto wachanga. Anayeumwa akikojoa hununua vidonge vinne vya antibiotiki kwa muuzaji wa barabarani, akisikia nafuu anaacha.

Wiki iliyofuata nilirudi na mama. Safari hii tuliingia ndani, mlango ukafungwa, nikafurahi. Kumbe daktari aliongea na mama tu, kunihusu mimi, kana kwamba nimeletwa kupimwa uzito. Dakika tano angemwomba mama atungoje nje zingetosha. Nampenda mama yangu, lakini nilikuwa na swali ambalo singeweza kuuliza mbele yake. Bado ninalo.

Mwanafunzi,
Katuba, Lubumbashi