Tuhamie Bitale kwenye nyumba yetu au tuendelee kupanga Mwanga? Naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Kigoma mjini, tumepanga vyumba viwili Mwanga, na kuna jambo linaninyima usingizi naomba mnisaidie kufikiri maana mimi na baba watoto tumeliongea mpaka tumechoka na kila mtu kabaki pale pale.

Iko hivi. Tulinunua kiwanja Bitale, kwa wasiopajua ukitoka mjini unafika Mwandiga njia panda, ya Kasulu unaiacha unashika ya Manyovu. Tumejenga kidogo kidogo mpaka sasa nyumba imepauliwa, vyumba viwili vina milango na madirisha, choo kipo, plasta na sakafu bado, umeme tunaona kwa jirani. Baba watoto anasema inatosha, tuhamie tumalizie tukiwa ndani kama wenzetu wanavyofanya. Na kwa upande wa nyumba sina neno kabisa jamani, mi hata kwenye vumbi nitatandika mkeka nilale ilimradi ni kwangu. Kinachonitia hofu ni njia ya kila siku.

Mimi nauza duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Lumumba, nimeajiriwa, saa mbili duka liwe wazi na tajiri hana mchezo kwenye kuchelewa, jioni tunafunga kama saa kumi na mbili. Sasa hivi naenda kwa miguu. Mume wangu anavua dagaa, anashukia Kibirizi, wanaingia ziwani jioni wanarudi alfajiri, mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika. Mtoto wa kwanza yuko kidato cha tatu shule ya kutwa hapa hapa mjini, wawili wako msingi.

Hesabu nimepiga. Kodi yetu ni elfu sabini kwa mwezi. Nauli kutoka Bitale nilizoulizia ni buku kwenda buku kurudi, kwahiyo mimi peke yangu ni elfu hamsini na kitu kwa mwezi, weka ya baba watoto, weka ya huyu wa sekondari, inagonga kama laki moja, na hapo sijaweka bodaboda ya kutoka nyumbani mpaka lami maana tuko ndani ndani kidogo na mvua ikinyesha ile njia ni utelezi mtupu. Yaani tunakimbia kodi tunakutana na nauli kubwa kuliko kodi. Nilipomwonyesha mume wangu akanijibu kitu ambacho nacho ni kweli, kwamba nauli inatoka kidogo kidogo, siku hujaingia ziwani hulipi, ila kodi mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo ziwa liwe wazi au limefungwa. Na hilo lilitutesa kweli 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wapate kuzaliana, boti zote ziko juu, hela haiingii, na kodi ikaangukia humo humo. Mimi sipingi ziwa kupumzishwa, ila kwa mtu aliyepanga ile miezi mitatu ni mirefu sana. Ndo maana namwelewa anapotaka kwake.

Lakini pesa siyo yote. Mvua za juzi juzi nilienda kukaa kwa wifi yangu Bitale siku kadhaa makusudi nione hiyo safari ikoje, nikawa natokea kule kuja kazini. Mnajua magari yanatoka juu huko Manyovu na Kalinzi, yakifika Bitale yameshajaa watu na ndizi na maparachichi ya wamama wanaowahi soko, unapunga mkono yanapita tu. Ukipata ni Probox umebanwa nyuma watu wanne na mbele kwa dereva wamekaa wawili. Asubuhi nyingine nilifika kazini mapema kabisa, nyingine nikachelewa kabisa, na hicho ndo kinaniumiza, kwamba hata ukijua safari ni nusu saa hujui utasubiri muda gani barabarani. Jioni stendi ya Masanga gari haiondoki mpaka ijae, nafika nyumbani giza, watoto wameshakula kwa shangazi yao wanasinzia.

Halafu huku kwetu magharibi jua linachelewa, saa kumi na mbili asubuhi bado giza totoro. Mimi mtu mzima sawa, lakini binti wa kidato cha tatu asimame lami gizani kila siku, na makonda wenyewe hawapendi kubeba wanafunzi kwa sababu ya nauli yao ndogo, hapo moyo unakataa. Kumhamisha naye mwakani ana mtihani.

Na kingine sijamwambia mtu. Sasa hivi mume wangu akitoka ziwani asubuhi ananikuta, tunakunywa chai pamoja ananipa dagaa wa mboga tunaongea ya nyumba, ndo nusu saa yetu hiyo. Tukihamia, yeye anarudi mimi nilishaondoka, mimi narudi yeye yuko majini. Mpaka mbalamwezi ndo tuonane vizuri.

Nimefikiria tubaki mpaka binti amalize kidato cha nne mwakani, tuweke sakafu na umeme taratibu, lakini ni mikupuo mingine ya kodi na nyumba tupu wanaiba milango, kwa jirani waliondoka na bati. Nikafikiria tena tuhamie, binti akae kwa mama mdogo wake Gungu siku za shule, ila huyo ana chumba kimoja na mume. Mume wangu yeye anasema niache kazi nifungue genge pale Mwandiga njia panda, na mimi mshahara ni mdogo ila ndo ulituvusha ziwa lilipofungwa.

Kwa mliohamia mbali na kazi mkiwa na watoto wa shule, mlikaa muda gani mpaka mwili ukazoea, au haukuzoea? Na wa njia ya Manyovu, kuna mtu kawahi kuongea na dereva mmoja awe anamchukua kila asubuhi kwa malipo ya mwezi, ikakubali? Mwenye nyumba anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu na mimi sijamjibu.

Mama wa watatu, Mwanga