Kabla ya kulaumu bei ya dizeli, cheki moshi wako

Mhariri, EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi sie wenye magari ya dizeli tunalalamika wiki nzima, alafu asubuhi mtu anawasha gari anaiacha inaunguruma weee eti injini ipate moto, na joto hili la Dar! Ondoka taratibu, itapata moto huko huko barabarani.

Moshi mweusi nao jamani, ule unaoutoa pale Ubungo sio nguvu ya gari, ni dizeli uliyoilipia haijaungua vizuri inatokea kwenye eksozi. Anza na eya klina (chujio la hewa ya injini) maana vumbi la mitaani kwetu linaiziba haraka, ikiwa safi na moshi bado upo basi fundi apime nozeli zinazopulizia dizeli kwenye injini, apime sio abahatishe (wengine wanapenda sana kukuuzia spea). Upepo pima tairi zikiwa za baridi, kiwango kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Alafu dizeli ina nguvu mzunguko wa injini ukiwa chini, panda gia mapema. Foleni ya Mandela ikikaza acha nafasi mbele uteleze nayo, bodaboda na daladala watachomekea ndio, wachomekee tu.

Msomaji, Tabata