Kikombe cha unga, kikombe kipi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na waandaaji wa ukurasa wenu wa mapishi. Nauza keki na skonzi hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa tisa sasa, na ukurasa huo huukata nikaubandika ndani ya mlango wa kabati. Jumamosi iliyopita nilioka keki yenu ya ndimu kama mlivyoandika: unga vikombe vitatu, sukari kikombe kimoja na nusu, siagi gramu 250, mayai manne. Ilitoka imepasuka katikati, na kila kipande nilichokata kilimwagika kwenye sinia kama mchanga. Ilikuwa ya akika. Nikamrudishia mteja pesa zake.

Usiku nikakaa na mzani wangu mdogo wa betri. Nilichopimia ni kikombe cha chai cha mume wangu. Nikakijaza maji, gramu 320. Maji hayana ujanja, mililita moja gramu moja. Kikombe cha mapishi cha Kimarekani ni mililita kama 240, cha Australia 250. Basi hapo nilikosea mimi.

Lakini nikatoa kikombe chenyewe cha kupimia, cha 240, nikapima unga wa mfuko mmoja mara tatu. Nilipochota moja kwa moja mfukoni, gramu 151. Nilipoutia kijiko kwa kijiko na kukata juu kwa mgongo wa kisu, 124. Nilipouchekecha kwanza, 113. Zidisha kwa vikombe vitatu: kati ya kuchota na kuchekecha pana gramu 114, karibu kikombe kizima! Ninyi hamkusema tuchote au tuchekeche.

Wazee walikuwa na kibaba cha mfuto, kilichokatwa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilima juu, na muuzaji ilibidi aseme anauza kipi. Siku hizi hata pishi ya fitri msikitini kwetu hutangazwa kwa kilo, mbili na nusu. Keki imekosa nini?

Najua yupo atakayesema bibi yake alioka kwa kikombe mpaka anaingia kaburini. Na wangu pia. Ila yeye unga, sukari, samli na maziwa vyote alivipima kwa kikombe kimoja cha bati, na mayai alivunja mpaka rojo limridhishe. Kikombe kikiwa kikubwa, kila kitu kilikua pamoja nacho. Ninyi unga mmeupima kwa kikombe, siagi kwa gramu, na mayai mmeyahesabu. Kikombe kikizidi, unga na sukari vinazidi, siagi na mayai vinabaki palepale.

Andikeni gramu. Asiye na mzani wekeeni vikombe pembeni, na mseme ni vya mililita ngapi. Mimi kikombe cha unga wa ngano nakihesabu gramu 125 na cha sukari 200, maana sukari hukaa nzito kuliko unga, jambo ambalo wengi hawalifikirii.

Jumatatu niliirudia keki ileile kwa unga gramu 375 na sukari 300. Ikaumuka, ikakatika bila kumwagika, na mume wangu akaimaliza kwa chai ya kikombe chake kilekile.

Wiki ijayo mmeahidi mkate wa mayai. Trei ya mayai nimeshanunua, nangoja gramu.

Muoka keki,
Ngamiani, Tanga