Wifi, kitabu cha mbweha ninacho mimi

Wifi yangu,

Arobaini ya mama tumeimaliza Ijumaa. Hitima ilisomwa nyumbani, wanaume wakajaa baraza mpaka njiani, na wale jamaa zako wawili wa Tanga walikuja, wakakaa nasi mpaka sufuria zikasuguliwa. Wewe hukuja, wala hukumleta. Kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa neno ulilonambia nilipokupigia siku ya tatu ya matanga, kukuomba mjukuu aje aone japo kaburi: "Nipe sababu moja ya kuwaamini." Kisha ukakata simu. Tangu hapo hunipokei, kwa hiyo naandika hapa. Najua dada zako hupita wakisoma, watakufikishia.

Mama alikufa akimtaja. Sisemi kwa kukuchoma, ingawa nataka likuchome kidogo. Wiki ya mwisho alikuwa akisikia viatu ngazini anauliza, "Ndiye?" Tunamwambia ni mtoto wa jirani. Anageukia ukutani.

Na wewe ulikuwa dada kwangu. Ulipoolewa kwetu hukukaa sebuleni kama mgeni wa Ulaya. Uliingia jikoni ukakuna nazi na sisi mpaka mbuzi ikakukata kidole, ukacheka. Nilipojifungua ulinitumia pesa ya hospitali, kakangu asijue. Sijasahau.

Ndiyo maana masharti yako ya mwaka juzi, ya mtoto kuja kututembelea tena baada ya kakangu kumzuia huku mwaka 2019, yalituuma sana. Kabla mtoto hajapanda ndege, mahakama ya Mombasa itoe amri ileile iliyotoka Uingereza. Pesa ya dhamana iwekwe kwa mawakili. Pasipoti yake, akishafika, ishikwe na wakili wako, si na mtu wa nyumba yetu. Kakangu aliichana ile barua. Mimi nikasema, kwa kinywa changu, sisi si wezi wa watoto. Kwetu mzazi haibi mwanawe, na neno "kutoroshwa" tumewawekea wasichana wanaokimbia na wapenzi wao.

Sasa nimesoma. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, na nchi zaidi ya 100 zimo. Mtoto aliye chini ya miaka 16 akiondolewa nchini mwake au akazuiliwa kwingine, mahakama ya kule alikopelekwa haipimi nani mzazi bora. Humrudisha alikokuwa akiishi, mzozo ukaamuliwe huko. Mkataba una milango yake: kama kurudi ni hatari kubwa kwa mtoto, mahakama yaweza kukataa, na mwaka ukipita kabla ya kesi kufunguliwa, yaweza kuonekana ameshazoea. Afrika Kusini wamo, Zimbabwe na Zambia wamo. Kenya haikuwamo ulipokuja kumtafuta mwanao mwaka 2019, wala Tanzania yenu. Ile amri yako ya Uingereza ukaipeperusha hapa kama karatasi ya kufungia bajia, ikakubidi uanze kesi upya, kwa wakili wa hapa, kwa joto la hapa, na likizo yako kazini inakwisha.

Kakangu alijua hayo. Alikuwa na mwenziwe wa kahawa, mjuaji wa sheria, aliyemwambia: "Kaa naye tu. Mtie shule, mtie chuo, azoee. Na huyo ni Mkenya, katiba ya 2010 inasema aliyezaliwa na Mkenya, popote alipozaliwa, ni Mkenya." Na kweli inasema.

Lakini wifi, na wewe! Ile barua ya ruhusa uliandika mstari mmoja, kwamba anasafiri na baba yake kwa likizo. Tarehe ya kurudi hukutia. Mlikuwa mmeshagombana, kila mtu na chumba chake, wewe zamu za usiku, yeye na manung'uniko yake kwamba mtoto analelewa na majirani. Ukawasindikiza mpaka uwanja wa ndege ukawapungia mkono. Septemba ulipokwenda polisi, wakakwambia waliondoka kwa ridhaa yako. Sheria yao ya 1984 ya utoroshaji wa watoto, wakati ule, ilimtia hatiani mzazi anayemtoa mtoto nchini bila ridhaa. Kumzuia ng'ambo baada ya ruhusa kwisha haikuwamo. Ungeshtuka mapema, kabla hawajaondoka, ungeweza kuomba amri mahakamani, na polisi wakaliweka jina lake kwenye viwanja vya ndege na bandari kwa siku 28. Nyinyi mnaosoma mlio huko, msingoje mpaka begi lifungwe. Uingereza hakuna afisa wa uhamiaji anayekukagua ukitoka. Na mkiona nguo za baridi za mtoto zimeachwa kabatini na cheti chake cha kuzaliwa kimepakiwa, hiyo si likizo.

Kakangu alipakia cheti. Nilikiona siku waliyofika, nikitoa nguo begini. Nikakirudisha palepale.

Walifika Jumamosi, tarehe 27 Julai, na tiketi za kurudi zilikuwa za Jumamosi, tarehe 17 Agosti. Katikati ikaingia Idi ya kuchinja, ukatumiwa picha zake na dera la kijani. Miaka sita, meno ya mbele hana. Alikuja na kitabu cha maktaba ya mtaani kwenu, cha mbweha, na ndani ya jalada pana karatasi iliyogongwa muhuri: Agosti 20. Mtoto yule hakuogopa mende, hakuogopa giza umeme ukikatika, aliogopa tarehe ile.

Jumamosi ya safari alifunga begi lake mwenyewe. Akavaa soksi na viatu, katika joto lile, akakaa ngazi ya chini na kitabu mapajani tangu alasiri. Baba yake alikuwa ametoka kusudi. Magharibi ikaadhiniwa. Mama akaniambia, nenda wewe. Nikashuka.

"Shangazi, gari inakuja saa ngapi?"

Nikamwambia ndege imeahirishwa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka baba aseme."

Akafikiri. Hakulia. "Na kitabu? Mwisho ni Jumanne."

"Nipe mimi, nitakirudisha."

"Vipi?"

"Kwa posta."

Akanitazama, nadhani akipima kama posta ya kwetu inafika kwao. Kisha akanipa, kwa mikono miwili, kama ulivyomfunza. Akainama akafungua viatu.

Nilikitia kabatini chini ya leso zangu. Kila Jumanne aliniuliza kama maktaba wamejibu. Kila Jumanne nikamwambia bado. Aliuliza hivyo mpaka mwaka ukaingia mwingine.

Nilimpenda, wifi, usiniandikie kwamba sikumpenda. Nilimsuka, nilimnunulia sare na madaftari, alipopata malaria nilikesha naye usiku tatu. Kumbe kila daftari lilikuwa ushahidi. Wakili wa kakangu aliyapiga picha yote. Basi ningefanya nini, nisimnunulie? Asiende shule akungoje wewe? Wewe ulikuwa na mshahara wa pauni. Mimi nilikuwa na chumba cha juu kwenye nyumba ambayo kodi yake hulipa kakangu, na mama mgonjwa chumba cha pili. Ulipokuja Oktoba ukasimama mlangoni ukipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka, ulisema baadaye kwamba nilikuangalia dirishani kwa dharau. Nilikuwa dirishani, ndiyo. Miguu ilikataa kushuka. Dharau sikuwa nayo.

Februari 2020 nikaitwa kuapa. Hati ya kiapo, kurasa mbili za Kiingereza, wakili akinisomea kwa Kiswahili. Aya ya saba ilisema tangu mtoto aje Mombasa hajauliza kurudi kwao. Wakili akaniuliza, hiyo ni kweli? Nikapitisha moyoni upesi upesi na nikaona ni kweli. Hakuuliza kurudi. Aliuliza kitabu. Nikatia saini, nikapita sokoni Marikiti kununua ndizi.

Mwezi uliofuata korona ikaingia. Mahakama zikapunguza kazi, ndege za nje zikasimama Machi 25 mpaka Agosti, na aya yangu ya saba ikakaa kwenye faili ikimhesabia siku za kuzoea. Hukumu ilikuja mwanzo wa 2021. Jaji akasema maslahi ya mtoto yanapita yote, kama kifungu cha 53 cha katiba kinavyotaka, na maslahi yake yako kwa mama yake. Ukamchukua Machi, wiki chache kabla Uingereza haijatutia kwenye orodha nyekundu ya nchi zilizozuiliwa kwa korona. Miezi 19 baada ya ile tiketi. Meno yameshaota.

Siku ile nilikuwa nimekifunga kitabu kwenye mfuko wa karatasi, nimekishika nyuma ya mlango. Wakili wako alikuwa amesimama na wewe, nikaona haya kukitoa. Mtoto naye hakukiuliza.

Basi hilo swali lako, sababu moja ya kuwaamini, sina la kujibu. Nina hii aya ya saba, ambayo nimeisema leo kwa mara ya kwanza, kakangu ataisoma hapa kama wewe. Masharti yako nimeyakubali kwa upande wangu. Pasipoti aishike wakili. Amri itoke kwanza, hata ikichukua miezi. Pesa ya dhamana sina, lakini mama ameniachia bangili mbili, na sonara wa mtaani amezipima. Na safari hii, wifi, karatasi yoyote utakayoandika, tia tarehe.

Sasa ana miaka kumi na miwili, hasomi tena vya mbweha. Lakini mwulize kama anakitaka. Akikitaka nitakiweka mpaka aje. Asipokitaka, nitumie anwani ya ile maktaba, nikipeleke posta ya Digo Road.