Jina la mtoto lisiharibikie kliniki

Ndugu Mhariri,

Mjadala wa majina ya watoto hauishi huku Nyanda za Juu Kusini. Wazee wanalalamika kwamba akina Lusajo na Ambakisye wanapotea, wamebaki akina Jayden, Ethan na Bryson. Vijana nao wanajibu kwamba mtoto ni wao. Naomba nafasi niseme kwamba wote wanagombea pasipo na tatizo. Mtoto hakwami kwa kuitwa Jayden wala kwa kuitwa Ambakisye. Anakwama kwa sababu jina lake limeandikwa namna tatu kwenye karatasi tatu, na mara nyingi mambo hayo huanzia kliniki.

Hilo la kupotea limekuzwa pia. Majina mengi ya Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela hayajafa, yamehama lugha tu: babu ni Lusekelo, mama ni Furaha, mjukuu ni Happiness. Lusajo kawa Baraka, sasa ni Blessing. Ni ladha ileile ya kanisani iliyoingia Unyakyusa tangu wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika mwaka 1891. Yanayoondoka kweli ni akina Shida, Tabu na Mateso, na hayo simwoni wa kuyalilia.

Tuje kwenye maandishi. Jina la Kinyakyusa aghalabu ni sentensi nzima. Ambokile ni "ameniokoa", Atupele ni "ametupa", Tusajigwe ni "tumebarikiwa". Ukidondosha herufi, sentensi imevunjika. Karani asiyeijua lugha huandika alichosikia: -sye inageuka -sie au -she, Ipyana anakuwa Ipiana, Gwakisa anakuwa Kwakisa, Lugano anakuwa Rugano. Kwenye ukoo, Mwa- ambayo inapaswa kushikana na neno linalofuata hukatwa ikawa jina peke yake, na mtu mwenye majina matatu ghafla anakuwa na manne.

Wanaokimbilia Kiingereza wakidhani wamepona, hawajapona. Happiness, Happyness na Hapiness ni watu watatu machoni mwa kompyuta. Goodluck na Godluck vilevile, Jackline na Jacqueline vilevile. Na wale wanaotia alama ya mkato wa juu katikati ya jina ili lipendeze, wajue kwamba mfumo mmoja utaipokea na mwingine utaitupa. (Chifu Mkwawa mwenyewe Wajerumani walimwandika Quawa, na yeye hata ofisi ya kata hakufika.)

Kwa Wanyamwanga wa Momba na Tunduma kuna jambo ambalo maofisa wageni hulichukulia kuwa kosa, kumbe ni mila. Jina la ukoo hufuata jinsia: wa kiume hubeba Si-, wa kike hubeba Na-. Kaka ni Sichalwe, dada yake wa tumbo moja ni Nachalwe. Shule ikimwona baba ni Sichalwe, humwandika binti Sichalwe pia, huku cheti cha kuzaliwa kikisema Nachalwe. Hapo ndipo mgogoro unapoanza. Mila ifuatwe, lakini ifuatwe kila mahali: binti akishaandikwa Na- kwenye cheti, mzazi asikubali Si- kwenye daftari la shule, hata mwalimu akisema "ni kitu kilekile".

Kosa jingine la kwetu ni jinsia. Atupele, Lusajo, Gwakisa na Lugano ni majina ya wavulana na ya wasichana. Karani anayekisia huweka KE penye ME, na mzazi, akiwa ameridhika kwamba herufi za jina ziko sawa, haangalii kisanduku hicho.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo kupata mpango huo mwaka 2013, baadaye ukafika Iringa na Njombe. Cheti huandikwa kwa mkono, kisha taarifa hutumwa kwa simu kwenda kwenye mfumo wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kwa hiyo kosa lina milango miwili: mkono na simu. Karatasi yako inaweza kuwa safi kabisa, lakini iliyoingia kwenye mfumo ikawa na herufi pungufu, nawe usijue mpaka kijana anapopeleka cheti kuhakikiwa RITA ili aombe mkopo wa chuo. Muulize anayesajili akuonyeshe alichokituma, si alichokiandika tu.

Msikimbilie siku ya kujifungua. Mama huruhusiwa kurudi nyumbani wakati bibi na babu hawajaleta jina, na kadi inaandikwa "Mtoto wa Neema". Hiyo haina madhara. Madhara huja pale nesi anapomwuliza mama jina juujuu, mama akataja la utani la nyumbani, likaingia kwenye kadi kwa wino. Tumieni siku ya chanjo ya wiki ya 6: familia imeshaelewana, na siku 90 ambazo sheria inatoa kwa usajili wa kawaida bado hazijaisha. Nendeni na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Msilitamke, mkabidhini karani alinakili.

Jina la pili ni la baba, nalo ndilo linaloharibika kuliko yote. Kanisani ni Yohana, kazini ni John, mtaani ni Baba Lusajo. Linalotakiwa ni lile lililo kwenye kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, herufi kwa herufi, kwa hiyo kitambulisho kiende mezani. La tatu amueni mara moja kwa watoto wote kama litakuwa la babu au la ukoo. Nyumba nyingi mtoto wa kwanza ana jina la babu, wa pili la ukoo, na baadaye mnatafuta namna ya kuthibitisha kwamba ni ndugu. Majina yabaki matatu. Fomu nyingi zina visanduku vitatu, na la nne hukatwa au hugandishwa kwenye la tatu.

Kwa ambao limeshaharibika, rekebisheni kwanza cheti cha kuzaliwa, ndipo shule. Fanyeni hivyo kabla shule haijapeleka majina ya watahiniwa wa darasa la saba Baraza la Mitihani, na mwombeni mwalimu awaonyeshe orodha kabla haijaondoka. Kosa likishafika kidato cha nne na cheti cha mtihani kikatoka, inakuwa kazi ya kuoanisha kila kitu na hicho cheti, ikiwemo NIDA kijana atakapofika miaka 18. Watu pia huchanganya kiapo na hati ya kubadili jina, ile inayoitwa dipoli. Kiapo kinaeleza tu kwamba Rugano na Lugano ni mtu mmoja. Dipoli ndiyo inayoacha jina la zamani na kuchukua jipya, nayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Aliyekosewa herufi moja asitozwe gharama ya dipoli kabla hajaenda RITA kuuliza marekebisho.

Ofisi za kata nazo zibandike ukutani, Tukuyu kwa Kinyakyusa, Tunduma kwa Kinyamwanga, orodha ya majina ya eneo lao yakiwa yameandikwa sawasawa. Karani mgeni atanakili kutoka hapo badala ya kukisia.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya